Pampu ya Umeme ya Kuvuta Tope, na Njia ya Kuitumia kwa Salama

Wasomaji wetu wengi waijua Mchikichini, kata ya Ilala iliyo jirani na Kariakoo, kando ya bonde la Msimbazi. Jina lake ni la mti wa mchikichi, mti upendao ardhi yenye maji. Na maji hayo hayajaihama nchi ile hata leo. Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, hupita bondeni, kisha huingia baharini penye Daraja la Selander. Mvua zikizidi, mto hufurika ukaingia majumbani mwa watu. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika Dar es Salaam, na baadhi ya jamaa za mabondeni walihamishiwa Mabwepande.

Lakini maji yakiisha kupungua, kazi haijaisha. Huacha tope na mchanga katika mitaro, mashimo, visima na ghala. Kadhalika wajengao nyumba ndefu huchimba misingi, na maji ya ardhini yakawatokea kabla hawajafika mbali. Zamani kazi ya kuyatoa ilikuwa ya ndoo na koleo. Siku hizi watu hukodi pampu ya umeme ya kuzamishwa, nayo hufanya kwa saa moja kazi ya kutwa. Chombo hiki ni chema sana, ila chachanganya vitu viwili visivyopatana na mwili wa mwanadamu, maji na umeme. Kwa hiyo twataka leo kueleza namna kinavyofanya kazi na namna ya kukitumia bila kupoteza roho ya mtu.

PAMPU HII NI YA NAMNA GANI

Pampu ya kawaida hukaa nchi kavu ikavuta maji kwa mpira. Kina kikizidi kama mita 8 hushindwa. Pampu ya kuzamishwa haivuti kwa mbali. Yenyewe huteremshwa ndani ya tope, ikalisukuma juu. Ndani yake mna mota iliyofungwa katika chuma ili maji yasiingie. Chini ya mota pana gurudumu lenye mapanga, ambalo mafundi huliita impela, nalo hufanywa kwa chuma kigumu kisicholiwa upesi na mchanga. Pampu nyingine zina na kikorogeo chini kabisa, cha kuutibua mchanga uliolala ili uchanganyike na maji.

Katikati ya mota na impela pana chumba kidogo cha mafuta chenye sili. Sili hizo ndizo mlinzi wa mota, na mchanga ndio adui wao. Fundi akifungua mafuta akayaona yamegeuka meupe kama maziwa, na ajue kwamba maji yamekwisha kuingia. Pampu hiyo isirudishwe kazini mpaka itengenezwe.

Tena yapasa kujua kwamba tope si maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lakini tukichanganya sehemu 8 za maji na sehemu 2 za mchanga mtupu, lita moja ya mchanganyiko huo itapata kama kilo 1.33. Maana yake mota imeongezewa theluthi ya mzigo. Ndiyo sababu pampu ya maji safi ikitiwa katika tope huungua mapema, na mwenyewe hulalamika kwamba ameuziwa chombo kibovu.

UMEME KIDOGO WATOSHA KUUA

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230, na pampu kubwa za waya tatu hutumia volti 400. Watu hudhani kwamba umeme uuao ni ule mwingi wa viwandani. Sivyo. Taa ya zamani ya wati 60 hutumia kama robo ya ampea. Nao umeme ulio chini ya nusu ya huo, ukipita kifuani mwa mtu, waweza kuusimamisha moyo wake. Mtu aliyesimama nchi kavu na viatu vyake huenda akarushwa tu akapona. Aliyesimama katika tope hata magotini hana kinga: ngozi yake imelowa, na ardhi imemshika pande zote.

KABLA YA KUISHUSHA

Kwanza, kagueni waya wote kwa mkono na jicho, tangu plagi hata pampu, nao usiwe na umeme. Penye mchubuko, pasishushwe. Waya ulioungwa kwa utepe wa plastiki usitiwe majini kamwe, kwa kuwa utepe ule hauzuii maji. Plagi na soketi zitundikwe mahali pakavu, juu kuliko maji yanavyoweza kupanda.

Pili, waya wa ardhi lazima uwepo na ushike. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja katika chuma cha pampu. Wako watu wanaoukata kwa kuwa plagi yao ina miguu miwili tu. Mtu wa namna hiyo ameondoa ukuta uliokuwa kati ya mwenzake na mauti.

Tatu, pampu ipitie katika kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, kilichowekwa kwa miliampea 30. Kifaa hicho hukata kabla moyo haujadhurika. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni kila siku kabla ya kazi. Kisipokata, kazi isianze. Na fyuzi au breka ya kawaida haichukui nafasi yake, maana hiyo hulinda waya usiungue, haimlindi mtu.

Nne, pampu ishushwe na kupandishwa kwa kamba au mnyororo uliofungwa katika mkono wake wa chuma, isibebwe kwa waya. Waya ukivutwa hulegea pale unapoingilia katika mota, maji yakapata mlango. Tena isiachwe ilale juu ya mchanga laini, kwa kuwa itajizika yenyewe. Na ining'inizwe, au iwekwe juu ya kitu kigumu.

Tano, pampu ya waya tatu yaweza kuzunguka kinyume. Fundi huijaribu ikiwa imening'inia, mikono ya watu ikiwa mbali, kwa kuiwasha na kuizima mara moja. Mwili wa pampu hushtuka kuelekea upande ulio kinyume cha mzunguko wa impela. Akilinganisha na mshale uliochorwa juu yake atajua. Kazi ya kugeuza nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, si ya kila aliye na bisibisi.

INAPOFANYA KAZI

Umeme ukiwashwa, asiwemo mtu majini, hata kwa dakika moja, hata kwa kuushika mpira tu. Mwangalizi mmoja asimame karibu na swichi wala asiache mahali pake.

Mota hupozwa na maji yaliyoizunguka. Maji yakishuka chini ya alama iliyowekwa na mtengenezaji, izimeni, isije ikaungua. Mpira usikunjwe, kwa kuwa tope likienda polepole mchanga hutuama na kuziba njia. Kabla ya kumaliza kazi, ipitisheni maji safi kwa dakika chache ili mpira na impela vioshwe.

Kama mnatumia jenereta, iwe nje penye upepo, mbali na mlango na shimo. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala. Kadhalika shimo la choo au la maji machafu lina hewa yake mbaya. Mtu asiingie humo ati kwa kuwa maji yamekwisha kutoka.

Tena tazameni kitokacho mpirani. Mkiona mchanga mwingi watoka bila kukoma karibu na ukuta wa nyumba, acheni. Huenda mwachimba chini ya msingi wa jirani bila ya kujua.

PAMPU ILIYONYAMAZA SI PAMPU ILIYOZIMWA

Hili ndilo neno kubwa la somo letu, na twaomba kila msomaji alishike hata akisahau mengine yote.

Pampu huweza kunyamaza kwa sababu tatu ambazo si kuzimwa. Ya kwanza, umeme umekatika mtaani. Wakati wowote waweza kurudi, wala haupigi hodi. Ya pili, baadhi ya pampu zina boya: maji yakipungua boya hushuka na pampu husimama, yakijaa hupanda na pampu huwaka. Ya tatu, mota ikipata moto mno, kifaa kilichomo ndani yake hukata umeme. Na pampu nyingine, mota ikiisha kupoa, hujiwasha zenyewe.

Sasa fikirini. Pampu imenyamaza, na mfuko wa plastiki umeonekana umeziba chujio. Kijana mwepesi wa kazi ashuka shimoni atie mkono kuutoa. Wenzake hawaoni ubaya, maana hapana sauti. Umeme unarudi. Hapo impela itamkata vidole, au kama waya umechubuka, maji aliyosimama ndani yake yatamwua. Wala hakufanya uzembe. Aliudhani ukimya kuwa ni salama.

Basi kanuni ni hii, na isipunguzwe neno. Zimeni swichi. Chomoeni plagi, ionekane kwa macho. Kama ni swichi kubwa isiyo na plagi, itiwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingia majini, si mwa msimamizi wala mwa mwenye nyumba. Kisha ipandisheni pampu kwa kamba, mkaisafishie nchi kavu. Kwa kufanya hivyo mara nyingi hapatakuwa na haja ya mtu kuingia shimoni hata kidogo.

Nyumba iliyoingiwa na mafuriko, maji yakifika kwenye soketi, isiingiwe na mtu wala pampu mpaka TANESCO wameukata umeme wake.

MTU AKIPIGWA NA UMEME

Msimshike, wala msimfuate majini. Wengi wamekufa wawili kwa haraka ya kumwokoa mmoja. Kateni umeme kwanza, ndipo mumtoe. Kama hapumui, mlazeni chali mahali pagumu, mkandamize katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kiasi cha sentimita 5, mara 100 hata 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka apate msaada. Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu namba 114. Hata akizinduka na kusema hajambo, apelekwe hospitali, kwa kuwa moyo uliopigwa na umeme waweza kugeuka baadaye.

Hayo yote si mazito. Kufuli ni ya bei ndogo, na kuchomoa plagi hakuna gharama yoyote. Kilicho ghali ni roho ya kibarua aliyetumwa shimoni na mtu aliyekuwa na haraka. Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Anayejua kusoma na awasomee wenziwe kazini maneno haya, asubuhi, kabla pampu haijashushwa.