Kuvu ya Kuua Nzi wa Maembe Haitaki Kuchanganywa Ovyo

Maembe ya Mkuranga na Rufiji yameshaanza kujaa, na nzi wa matunda hawako mbali. Wakulima wengi siku hizi wananunua kuvu ya kuulia wadudu, ile inayoandikwa Metarhizium kwenye lebo, wanaimwaga chini ya miembe, kisha wananiambia haikufanya kitu. Swali langu la kwanza huwa: wiki hiyo ulipulizia nini juu ya mti? Mara nyingi ni dawa ya chule au ya ubwiri unga. Ndugu zangu, dawa ya ukungu haichagui. Mankozebu inayochuruzika kutoka majanini inatua palepale ulipoweka kuvu yako, na inaua hata ile uliyoilipia.

Kuvu hii huwekwa udongoni kwa sababu ndiko nzi anakopita. Funza akishashiba hutoka kwenye embe, akajichimbia sentimita chache tu, akageuka pupa. Mbegu za kuvu humnasa njiani, zikaota juu ya ngozi yake, zikaitoboa na kumla kwa ndani. Nzi mpya anayechomoza kutoka ardhini naye hupita humohumo. Ukifukua taratibu chini ya mti wiki mbili baadaye, utaona pupa wengine wamevikwa utando mweupe, na juu yake unga wa kijani. Unga huo ni mbegu mpya. Ufukie tena.

Lakini udongo una wenyeji wake. Bakteria na kuvu waliomo hugombania chakula, na mbegu ngeni hukaa kimya bila kuota mpaka iguswe na mdudu. Kwa hiyo usiihukumu dawa hii kwa siku mbili kama unavyofanya na sumu ya dukani.

Miongoni mwa wenyeji hao wamo mikoriza, kuvu wanaoishi ndani ya mizizi, wanaolishwa sukari na mti, nao wakauletea fosforasi. Hawa hawana sababu ya kugombana na Metarhizium, kwani kila mmoja ana riziki yake. Tena Metarhizium yenyewe hupenda kukaa kandokando ya mizizi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brock, Kanada, walionyesha kwamba huchukua naitrojeni ya mdudu iliyemuua na kuipa mimea, maharage yakiwemo. Mimi naona hilo ni jambo kubwa sana kwa mkulima asiye na fedha ya mbolea.

Wa kuangaliwa ni Trichoderma. Ni kuvu nzuri, inatusaidia dhidi ya kuoza kwa mizizi, lakini kazi yake ni kuwinda kuvu wenzake: huwazungukia, huwayeyusha, huwala. Tangu 1932 tabia hiyo inajulikana. Aina nyingine hukua haraka na kuifunika Metarhizium zikiwekwa pamoja. Usizitie kwenye bomba moja. Trichoderma ipeleke kitaluni na kwenye mashimo ya kupandia miche. Metarhizium ibaki chini ya miti inayozaa. Kama mti mmoja unazihitaji zote mbili, zitenganishe kwa wiki kadhaa.

Maembe yaliyooza na kuanguka yaokote kila siku, yafunge kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani, maana hakuna kuvu itakayomudu funza wa matunda yaliyoachwa yarundikane. Dawa ya ukungu imalizie wakati wa maua. Matunda yakianza kujaa, osha bomba vizuri sana, subiri udongo ulowe, kisha mwagia kuvu jioni jua likishapoa, kwani jua kali huiua. Rudishia majani makavu juu yake. Usilime kwa kina chini ya mwembe wala usirundike mbolea ya fosforasi kama TSP: jembe hukata nyuzi za mikoriza, na mti ulioshiba fosforasi huacha kuwalisha.

Dukani, soma tarehe ya mwisho kabla ya kulipa, na ulizia pakiti ilikuwa imehifadhiwa wapi. Iliyokaa dirishani juani iache hukohuko.