Ukolezi na Kasi ya Mmenyuko: Usidanganywe na Namba za Mlinganyo

Mwulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza ukolezi unafanya nini kwenye kasi ya mmenyuko, atakujibu upesi: ukiongezeka, kasi nayo inaongezeka. Hilo ni jibu la sekondari. Chuoni swali ni: inaongezeka mara ngapi? Hapo ndipo alama zinapopotea.

Sababu yenyewe si ngumu. Chembe hazimenyuki mpaka zigongane, tena kwa nguvu ya kutosha na kwa upande unaofaa. Zikiwa nyingi katika lita moja, migongano ya kila sekunde huwa mingi. Lakini ukolezi hauongezi nguvu ya mgongano. Hiyo ni kazi ya joto.

Chukua jaribio mnalolijua wote. Sodiamu thiosalfati ikichanganywa na tindikali ya haidrokloriki, hutokea salfa inayotia ukungu, na alama ya X iliyo chini ya chupa hupotea machoni. Unapima mililita 50 za thiosalfati, kisha 40, 30, 20 na 10, na kila mara unajazia maji hadi 50 kabla ya kutia mililita 5 za tindikali. Maji hayo ndiyo yanayosahauliwa. Usipoyatia, umepunguza kiasi tu. Ukolezi haukushuka kama ulivyodhani. Isitoshe, kimiminika kimekuwa na kina kifupi, kwa hiyo X itachelewa kupotea kwa sababu hiyo tu. Utapata namba zinazopendeza ambazo hazina maana. (Fungueni madirisha pia: salfa dioksidi haimfai mwenye pumu.)

Ukigawanya 1 kwa muda, kisha ukachora jibu dhidi ya ukolezi wa thiosalfati, utapata mstari ulionyooka. Huo ni mmenyuko wa daraja la kwanza kwa thiosalfati. Ludwig Wilhelmy aliona uhusiano wa namna hiyo mwaka 1850, alipopima sukari ya miwa ikivunjwa na tindikali.

Sasa mtego. Katika 2NO + O₂ → 2NO₂, ukizidisha NO mara mbili, kasi hupanda mara nne. Mwanafunzi anaiona ile 2 kwenye mlinganyo, anafurahi, anaifanya kanuni. Halafu anakutana na 2N₂O₅ → 4NO₂ + O₂, ambao ni wa daraja la kwanza ingawa 2 ipo palepale. Na katika NO₂ + CO → NO + CO₂, kwenye joto lisilofika 225°C hivi, kuongeza CO hakubadilishi kasi hata kidogo!

Mmenyuko huu huenda kwa hatua. Kwanza NO₂ mbili hugongana, polepole. CO huingia baadaye, katika hatua ya haraka. Fikiria foleni ya futari: mmoja anapakua uji taratibu, na mbele yake wapo wagawa tende. Ongeza wagawa tende watano, foleni itakwenda mwendo uleule.

Kwa hiyo daraja hutafutwa kwenye vipimo. Tafuta safu mbili za jedwali ambamo kitu kimoja tu kimebadilika. Ukolezi ukitoka 0.10 hadi 0.20 na kasi ikatoka 0.012 hadi 0.048, imepanda mara 4, yaani 2², na daraja ni la pili. Ikipanda mara 2, ni la kwanza. Ikibaki ileile, daraja ni sifuri, na kitu hicho hakiandikwi kabisa kwenye kanuni ya kasi.