Darubini ya Bunduki katika Vichaka Vizito: Kuona Kwanza, Kulenga Baadaye

Mnyama aliyesimama hatua thelathini ndani ya kichaka haonekani kama aonekanavyo katika picha. Huonekana sikio, kipande cha bega, au kivuli kinachosogea nyuma ya majani. Mahali hapohapo, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, hupita akina mama wanaotafuta uyoga, vijana wanaokusanya kuni na wachungaji wanaofuata mifugo yao. Kwa sababu hiyo, swali la aina ya darubini ifaayo kufungwa juu ya bunduki si swali la anasa ya mwindaji. Ni swali linalogusa uhai wa jirani.

Katika maeneo kama Igamba, ambako mashamba ya kahawa na mahindi hukaribiana na mabonde yenye vichaka na mabaki ya miombo, anayebeba bunduki kwa kazi halali ni mmoja kati ya hawa wawili: askari wa wanyamapori aliyeitwa kudhibiti wanyama waharibifu kama nguruwe pori, au raia mwenye leseni aendaye kuwinda katika eneo lililoruhusiwa. Somo hili linawahusu wote wawili, na linamhusu pia mwanakijiji asiye na silaha, ili ajue ni uangalifu gani anaostahili kuutarajia kwao.

Sheria hutangulia

Kumiliki bunduki kunasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni ya kumiliki silaha si leseni ya kuwinda; kila moja hutafutwa mahali pake. Mtu anayemuua mnyamapori kwa kujihami au kwa kulinda mali yake hana budi kutoa taarifa, na mnyama huyo hubaki nyara ya Serikali. Darubini nzuri haimpi mtu ruhusa ambayo sheria haikumpa.

Kuzisoma tarakimu za darubini

Darubini nyingi huandikwa tarakimu kama 1–4×20 au 3–9×40. Tarakimu za kwanza hueleza darubini inakuza mara ngapi. Ile ya 1–4 huweza kuonyesha kitu kwa ukubwa wake wa kawaida, kisha ikazungushwa hadi kukikuza mara nne. Tarakimu ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita.

Mnunuzi asiye na uzoefu hudhani kwamba darubini inayokuza zaidi ndiyo bora zaidi. Nyikani, ambako mnyama yuko mita 200 au 300, fikra hiyo ina msingi. Ndani ya vichaka, ambako risasi nyingi hupigwa chini ya mita 50, fikra hiyo hugeuka kuwa hatari, na sababu yake ni upana wa eneo linaloonekana.

Hesabu ya uwanja wa kuona

Kadiri darubini inavyokuza, ndivyo dirisha lake linavyokuwa finyu. Kwa wastani, darubini iliyowekwa kwenye mara 9 huonyesha upana wa takriban mita 4 tu kwa umbali wa mita 100. Ile ya mara 4 huonyesha takriban mita 10, na ile ya mara 1 huonyesha mita 30 au zaidi.

Sasa umbali upunguzwe hadi mita 30, ambao ndio umbali wa kichakani. Darubini ya mara 9 itaonyesha upana wa mita 1 na sentimita 20. Pongo mzima hatoshi vizuri humo. Nyati atakuwa ukuta wa ngozi usio na kichwa wala mguu. Ya mara 4 itaonyesha mita 3, na ya mara 1 itaonyesha mita 9 au zaidi. Katika mita 1 na sentimita 20 mwenye bunduki anaona nywele za mnyama. Katika mita 9 anaona mnyama, ndama aliye nyuma yake, na kitenge cha mama aliyeinama pembeni kuchuma uyoga.

Hiyo ndiyo hoja kuu ya somo hili. Kazi ya darubini kichakani si kumleta mnyama karibu, maana tayari yuko karibu. Kazi yake ni kumwezesha mwenye bunduki kuona sehemu anayoilenga pamoja na kila kilicho kando yake. Ndiyo maana wawindaji wa nguruwe pori katika misitu ya Ujerumani na Ufaransa hupendelea darubini za 1–4 au 1–6 zenye lenzi ya milimita 24, na wanaofuata nyati katika Afrika ya Mashariki kwa bunduki za .375 hufunga darubini za jamii hiyohiyo.

Mwanga wa alfajiri na jioni

Hesabu nyingine ni ya mwanga. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa idadi ya ukuzaji, nawe utapata upana wa duara la mwanga linalolifikia jicho. Lenzi ya milimita 40 kwenye mara 9 hutoa duara la milimita 4.4. Lenzi ya milimita 20 kwenye mara 4 hutoa milimita 5. Lenzi ya milimita 24 kwenye mara 3 hutoa milimita 8.

Mboni ya jicho la kijana hupanuka hadi takriban milimita 7 gizani, na ya mtu mzima hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo lenzi ndogo inayokuza kidogo hutosha chini ya kivuli cha miti, na duara pana humsaidia mtu kuiona picha upesi hata kama jicho halikukaa katikati kabisa. Hata hivyo, palipo na giza la kutomtambua mnyama, hakuna lenzi inayohalalisha risasi. Sheria nayo inakataza kuwinda kwa mwanga wa bandia pasipo kibali.

Nafasi ya jicho na teke la bunduki

Kila bunduki hurudi nyuma inapotoa risasi, na yenye risasi kubwa hurudi kwa nguvu. Darubini iliyo karibu mno na uso humpasua mtu nyusi. Inafaa kuchagua ile inayoonyesha picha kamili jicho likiwa umbali wa sentimita 9 au 10. Kipimo ni rahisi: fumba macho, iinue bunduki isiyo na risasi hadi begani, kisha fumbua. Kama picha imejaa bila kusogeza shingo, darubini imefungwa mahali pake. Vishikizo viwe imara, na skrubu zikaguliwe kila baada ya safari katika barabara mbovu.

Kuisawazisha kabla ya kazi

Darubini mpya isiyosawazishwa ni mapambo tu. Zoezi hili hufanywa katika uwanja ulioruhusiwa, mbele ya kingo ya udongo, kwa risasi za aina ileile zitakazotumika kazini. Umbali wa kuanzia ni mita 25, kisha mita 50.

Katika darubini nyingi, kila mlio mmoja wa kitufe cha kurekebishia huhamisha shabaha takriban milimita 7 kwa umbali wa mita 100, yaani milimita 3.5 kwa mita 50. Ikiwa risasi tatu zimekusanyika sentimita 7 chini ya alama kwa umbali wa mita 50, kitufe kizungushwe juu milio 20, kisha zipigwe tatu nyingine kuthibitisha. Ikumbukwe pia kwamba darubini hukaa sentimita 4 hivi juu ya mtutu. Kwa mnyama aliye mita 10 tu, risasi itapiga sentimita kadhaa chini ya msalaba wa kulengea.

Yasiyowezwa na darubini

Imani ya zamani husema kwamba risasi nzito hupasua vijiti na kuendelea na njia yake. Si kweli. Risasi ya aina yoyote huweza kupinda ikigusa kijiti, na kijiti hicho huenda kisionekane kabisa ndani ya lenzi. Palipo na vijiti, dawa ni kusubiri nafasi wazi.

Vilevile darubini ya bunduki si chombo cha kuchunguzia. Anayeinua bunduki ili atambue kitu kilichotikisa majani amekwisha kumwelekezea mtutu mtu asiyemjua. Uchunguzi hufanywa kwa macho au kwa darubini ya mkononi. Bunduki huinuliwa baada ya mnyama kutambuliwa kwa hakika, na kidole hukaa nje ya triga hadi wakati wa kupiga. Aidha, risasi ya bunduki huweza kusafiri zaidi ya kilomita 3, basi pasipo na kilima au udongo nyuma ya mnyama, isipigwe.

Asiyemudu gharama ya darubini asione haya. Kwa umbali usiozidi mita 50 na jicho zima, vilengeo vya chuma vilivyosawazishwa vyema vinatosha. Afadhali hivyo kuliko darubini kubwa ya bei ghali inayomficha mwenye bunduki yule ambaye hakupaswa kupigwa.

Na mwanakijiji ambaye shamba lake limevamiwa atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ili ifikishwe kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Siku askari wanapofika kwa kazi hiyo, majirani wote waarifiwe mapema ni bonde lipi lisiingiwe kwa kuni wala kwa uyoga. Tangazo hilo huwakinga watu ambao hata jicho makini nyuma ya lenzi huenda lisiwaone.