Tarehe 15 ni ya Ikisiri au ya Makala? Waulize Wenyewe

Mdogo wangu wa Ikungi, barua yako nimeisoma yote, hadi pale ulipoandika "Dada, usinicheke". Sijacheka. Unafundisha Kiswahili sekondari, unasoma uzamili Chuo Kikuu Huria, umerekodi wazee wa kijijini kwenu kwa ajili ya utafiti wa irabu za Kinyaturu, na sasa umeona tangazo la kongamano. Juu wameandika "tuma ikisiri isiyozidi maneno 300". Chini kabisa wanasema "makala zote zifike kabla ya tarehe 15". Kundi lenu la WhatsApp limegawanyika: huyu anasema tuma ikisiri tu, yule anasema tuma vyote, na mwingine kasikia tarehe imesogezwa. Wewe unaogopa kuwaandikia waandaaji wasije wakakuona hujui kusoma.

Nianze na hiyo hofu, maana ndiyo inayowaponza wengi. Tangazo lenye mistari miwili inayopingana limeandikwa vibaya, basi. Aliyeliandika ni mhadhiri mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha, na pengine alichukua tangazo la kongamano lililopita akabadilisha tarehe. Kumuuliza si utovu wa adabu. Swali lako huenda likawafanya watoe marekebisho, na wengine wanaokisia kimyakimya huko Manyoni na Kiomboi wakapona.

Kwa kawaida ikisiri hutangulia. Wahakiki wanaisoma, unapata barua ya kukubaliwa au kukataliwa, halafu ndipo makala kamili inapodaiwa. Makongamano yanayochapisha kitabu cha makala huitaka mapema. Mengine yanaridhika na slaidi zako siku ya kuwasilisha, makala ije baadaye. Kwa hiyo naona tarehe 15 yako ni ya ikisiri. Lakini hayo ni makisio yangu, na mimi si katibu wa kamati. Mwandikie leo, kwa anwani iliyo kwenye tangazo, barua fupi namna hii:

"Ndugu Katibu, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili na nakusudia kuwasilisha mada kuhusu irabu za Kinyaturu. Naomba ufafanuzi katika mambo matatu. Je, tarehe 15 ni ya ikisiri au ya makala kamili? Je, jina la mwandishi liwe juu ya ikisiri au kwenye ukurasa wa peke yake? Je, ada ya ushiriki inalipwa kabla au baada ya kukubaliwa? Natanguliza shukrani."

Weka jina lako na namba ya simu, umemaliza. Usimsimulie maisha yako wala usimwombe radhi mara nne kwa kumsumbua. Maswali yote yakae kwenye barua moja. Katibu anayepokea barua tano za mtu yuleyule ndani ya wiki, ya sita haifungui. Siku tatu nne za kazi zikipita kimya, piga simu ofisini asubuhi. Jibu la simu nalo lithibitishe kwa barua pepe ya mstari mmoja: "Kama tulivyozungumza leo..." Hapo hata kamati ikibadilika, una maandishi mkononi.

Tarehe ya mwisho nayo ina mtego. "Saa sita usiku tarehe 15" ni usiku wa kuamkia 15 au wa kuamkia 16? Waulize walimu wawili wa ofisini kwenu uone watakavyobishana. Wewe shika ile ya mapema. Kwa makongamano ya nje, soma saa ni za wapi. Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, liko kwenye saa za kwao: saa sita usiku yao huku kwetu ni saa saba wakati wa kiangazi chao, na saa nane wakati wa baridi. Na kuna matangazo yanayosema muda ni wa "popote duniani". Hiyo ni saa ya mwisho kabisa duniani, iko nyuma yetu kwa saa 15. Tarehe 15 ikiisha huko, Ikungi ni saa tisa alasiri ya tarehe 16. Usifurahie sana nyongeza hiyo. TANESCO hawana habari nayo.

Sasa faili lenyewe. Najua wengi wenu mnachapia steshenari pale stendi. Kompyuta ya steshenari huandika jina la mwenye kompyuta kama mwandishi ndani ya sifa za faili, na kama ni laptopu yako, itaandika lako. Uhakiki ukiwa wa kuficha majina, safisha hapo kabla ya kutuma. Na usije ukaficha jina juu halafu ndani ukaandika "shuleni kwangu Ikungi ninakofundisha".

Kwako kuna jingine. Kinyaturu kina irabu saba, siyo tano kama Kiswahili, na zile alama za irabu za ziada hugeuka visanduku vitupu zikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako. Wakitaka faili la Word, litume, ila ambatisha na PDF ili waone ulichokusudia. Halafu usithubutu kuandika kwamba Kinyaturu "hakijawahi kutafitiwa". Howard Olson alitoa kitabu kuhusu sauti na maumbo ya Kirimi, ambacho ndicho Kinyaturu chenyewe, mwaka 1964. Mhakiki anayekijua kitabu hicho ataishia hapo. Sema unaongeza nini juu ya Olson; maneno 300 yanatosha.

Kuhusu ada, usilipe chochote kabla ya kukubaliwa, isipokuwa tangazo limesema hivyo waziwazi na umethibitisha. Kongamano la taasisi ya umma hapa nchini hulipiwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hiyo mnayoiita kontroli namba. Ukiambiwa utume kwa M-Pesa ya mtu, piga simu chuoni kwanza. Na ukiona kongamano moja linapokea mada za uvuvi, udaktari, sheria na isimu, na linakukubali siku hiyohiyo uliyotuma, hilo linatafuta ada yako.

Uliuliza pia kama kukubaliwa maana yake watakulipia nauli. Hapana, labda waseme. Fanya hesabu ya basi hadi Dodoma, kisha SGR hadi Dar, na malazi, kabla hujajibu kwamba utahudhuria. Uliza pia kama wanaruhusu kuwasilisha kwa Zoom, na kama ada yake ni ileile.

Ukikubaliwa, omba barua ya mwaliko yenye tarehe na mahali, kwa sababu mkurugenzi wa halmashauri hatatoa ruhusa kwa picha ya skrini ya simu. Ipitishe kwa mkuu wa shule mapema, na uandike kabisa ni mwalimu gani atakayeshika vipindi vyako vya kidato cha nne.