Jeraha la Moyo, na Jinsi ya Kulitafutia Uponyaji

Somo la mwezi huu lahusu ugonjwa usioonekana kwa macho. Mtu aliyepatwa na mambo ya kutisha, kama kutekwa, kupigwa, kuponea chupuchupu baharini, au kumwona nduguye akiuawa, huweza kupona mwili wake, akala, akalima, akasalimiana na watu. Lakini usiku huota yale yale. Mchana akisikia kishindo cha ghafula hushtuka kupita kiasi. Njia ya mahali pale haipiti tena. Nao awapendao huwa kama watu wa mbali kwake. Waswahili wana neno la hali hii, ndilo kiwewe. Kikidumu hivyo, waganga wa hospitali hukihesabu kuwa ugonjwa, tena ugonjwa unaotibika. Tiba yake kubwa ni maneno: kusimulia jambo lote kwa taratibu mbele ya msikilizaji aliyefundishwa kazi hiyo.

Na tuanzie Kilwa, maana pwani ile yajua majeraha ya namna hii. Mgeni afikaye Kilwa Kisiwani huonyeshwa Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza, naye huambiwa habari za dhahabu ya Sofala na za Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331. Habari hizo ni za kweli, na kisiwa chastahili sifa yake. Lakini mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alipatana na Mfaransa mmoja, jina lake Morice, kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata biashara hiyo ilikuwa imehamia ng'ambo, Kilwa Kivinje, nayo ikakua sana: katika miaka mitano tu, tangu 1862 hata 1867, watumwa zaidi ya 90,000 walipitishwa katika forodha ile. Vitabu vya forodha viliandika hesabu yao na ushuru wao. Walichokiona njiani hawakuulizwa.

Wachache waliulizwa baadaye, na mmoja wao ni Swema, binti wa Kiyao. Yapata mwaka 1865, alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi, aliuzwa kwa msafara kwa sababu ya deni la mamaye. Mama hakukubali kuachana naye, akaufuata msafara. Nguvu zikamwishia, akaachwa njiani. Mtoto akafika Kilwa, akapakiwa jahazini kwenda Unguja. Alifika amedhoofu mno hata wakadhani amekwisha kufa, wakamviringisha katika mkeka, wakamzika katika kaburi fupi. Kijana mmoja akasikia kilio chake, akamfukua, akampeleka kwa masista Wakatoliki waliokuwa wakiwatunza wagonjwa mjini.

Swema aliwasimulia watunzaji wake mambo hayo yote, na mwaka 1870 yakachapishwa kitabu kwa Kifaransa. Wenye elimu ya historia hutuonya kwamba wamisionari walioandika waliyapamba maneno yake ili yawavute wasomaji wa Ulaya. Nasi tusome kwa hadhari hiyo. Hata hivyo liko jambo moja katika kitabu kile ambalo kila mshauri wa leo angelitambua mara moja. Siku moja waliletwa Waarabu majeruhi, na katika hao Swema akamwona bwana wake wa zamani. Hofu yote ikamrudia kana kwamba hata siku moja haikupita. Amekwisha kuwa salama, ana chakula, ana watu wampendao. Lakini uso mmoja ulitosha kumrudisha kaburini. Kitabu chasema kwamba alishindana na moyo wake, na mwishowe akamhudumia mtu yule. Mimi naona ni vigumu kufikiri kwamba angeliweza kufanya hivyo kama asingalikuwa amekwisha kulisimulia jambo lake kwa mtu aliyemsikiliza.

Kwa nini kusimulia kuponye? Kumbukumbu ya siku ya kawaida hukaa mahali pake: twajua ilikuwa lini, nini kilitangulia, nini kilifuata. Kumbukumbu ya hofu kuu hukaa vipande vipande, harufu huku, sauti huku, bila tarehe wala mwisho. Kwa hiyo ikiamshwa, mtu huiona kama jambo la leo. Kazi ya mshauri ni kumsaidia aviunganishe vile vipande viwe habari yenye mwanzo na mwisho.

Iko njia moja ya kufanya hivyo ambayo yafaa tuieleze. Mgonjwa hupewa kamba, naye huinyosha chini kuwa mfano wa maisha yake tangu kuzaliwa. Kwa kila jambo jema huweka ua juu yake, na kwa kila jambo la kutisha huweka jiwe. Kisha siku baada ya siku husimulia tangu mwanzo wa kamba. Wafikapo penye jiwe huenda polepole sana: uliona nini, ulisikia nini, moyo ulipigaje, na sasa hivi unapolisema wasikia nini mwilini? Mshauri haharakishi, wala hamwachi katikati ya jiwe.

Njia hii ilijaribiwa katika kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Washauri hawakuwa waganga. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kwa muda mfupi. Baada ya miezi tisa, watu 7 katika kila 10 waliosimulia kwa njia hii hawakuwa tena na alama za ugonjwa. Waliopewa mashauri ya namna nyingine walikaribia hesabu hiyo. Wale ambao hali zao ziliangaliwa tu bila mashauri, hawakufika 4 katika 10.

Lakini haifai mtu ye yote kumkalisha jirani yake chini na kumlazimisha aseme. Uchunguzi umeonyesha kwamba kumhoji mtu mara moja tu, mara baada ya msiba, hakumkingi na kiwewe, na pengine humzidishia. Dhoruba ya Hidaya ilipopiga pwani hii mwezi wa Mei 2024 na kuikata barabara huko Somanga, waliotishwa walihitaji kwanza chakula, mahali pa kulala na watu wao. Wengi hupoa wenyewe katika majuma machache. Anayestahili kutafutiwa mshauri ni yule ambaye mwezi umepita na hali yake haijatulia, hasa akianza ulevi au kujitenga. Anayesema kwamba afadhali afe, apelekwe hospitali siku ile ile. Na siri aliyoambiwa msikilizaji ikitoka hata kwa mkewe, kazi yote imeharibika.

Wengine husema kwamba kutafuta mshauri ni kupungukiwa na imani. Watu hao hao wakishikwa na homa humeza dawa ya malaria na kuomba, wala hawaoni aibu. Walutheri nao wana ushahidi wao wenyewe: Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ingali ikifanya kazi hiyo chini ya kanisa.

Aliye Kilwa hana haja ya kusafiri mpaka Usambara kwa hatua ya kwanza. Avuke kwenda hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, aeleze hali yake, aulize ni nani ahudumiaye mambo ya akili. Hana haja ya kueleza yote mlangoni. Maneno haya yatosha: "Nilipatwa na jambo mwaka fulani, na tangu siku ile silali vizuri."