Matunda katika Ardhi ya Mteremko, Kivuli na Baridi: Funzo kutoka Kilimanjaro

Baadhi ya wenye mashamba ya mteremko hudhani kwamba penye kivuli na baridi hapapatikani matunda, hivyo hukimbilia kukata miti yote. Dhana hiyo si sahihi, nayo huwapotezea udongo. Mfano wa wazi ni vihamba vya Wachaga katika miteremko ya Kilimanjaro. Kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

Ikumbukwe kuwa kwa kila mita 100 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Sentigredi. Kwa sababu hiyo, kutoka Shirimatunda, mjini Moshi, hadi Kibosho juu mlimani, matunda yanayostawi hubadilika.

Katika kihamba kila mmea una daraja lake. Juu husimama mringaringa na mgrivea, chini yake migomba, kisha mibuni, na ardhini magimbi na mboga. Mkulima hupogoa matawi ili mwanga upenye, ilhali mti wenyewe hubaki.

Mwenye shamba la namna hiyo anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Mparachichi upandwe penye jua zaidi na pasipotuama maji, kwani mizizi yake huoza upesi. Nafasi kati ya miti iwe mita 8 hivi.

2. Pesheni ya zambarau hustahimili baridi kuliko ya manjano. Itambazwe juu ya kichanja, ukingoni mwa shamba, ipate jua.

3. Mgogwe ukingwe na upepo, kwani matawi yake huvunjika kwa urahisi. Stroberi huvumilia kivuli chepesi, lakini kivuli kikizidi mazao hupungua.

4. Usiku hewa baridi huteremka na kutuama bondeni. Miche michanga isipandwe huko.

5. Mistari ya kupandia ikatize mteremko, yachimbwe makinga maji, na ardhi ifunikwe kwa matandazo.

Kadhalika, kivuli kizito hudumisha unyevu na kuleta ukungu. Kwa hiyo kupogoa ni wajibu wa kila msimu.

Wakulima wa vilima vya Pemba hawana baridi hiyo, lakini mteremko na kivuli wanavyo. Mti hukatwa kwa saa moja. Udongo ulioteremshwa na mvua haupandi tena mlimani.