Masala ya Kura: Je, Kungojea Nyumba kwa Kura ni Kamari?



Katika darsa yetu iliyopita ilisomwa barua iliyotujia kutoka mji wa Kisii. Mwenye kuiandika ni kijana wetu wa Pwani aliyekwenda bara kutafuta riziki, na leo anauza nguo katika soko la Daraja Mbili. Anakaa yeye, mkewe na watoto wao wawili katika chumba kimoja cha kupanga. Amejiandikisha katika Boma Yangu, ambalo ndilo daftari la serikali la wenye kuomba nyumba za bei nafuu, na kila mwezi hujinyima akaweka kidogo ili ipatikane amana ya nyumba. Sasa ana mashaka matatu. Kwanza, mwenzake amemwambia baada ya sala ya Ijumaa kwamba nyumba yenye kupatikana kwa kura ni kamari. Pili, amengoja sana, na nyumbani mwake yameanza maneno kwamba huenda kungoja huku ni dalili ya kuwa Mwenyezi Mungu hakumtakia nyumba. Tatu, ametokea dalali aliyemwambia kwamba kwa shilingi 15,000 jina lake laweza kusogezwa mbele.

Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akauliza: kwani huko bara ardhi imekwisha, hata asinunue kiwanja akajenga? Jawabu ni kwamba katika nchi ya Wagusii ardhi karibu imekwisha kweli. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 950 katika kila kilomita moja ya mraba. Na jirani yake Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Mgusii mwenyewe hurithi kwa babake ukanda mwembamba wa shamba uteremkao kilimani, na ndugu wakiwa wengi ukanda huo hukatwa tena. Hata Waislamu waliotangulia huko zamani, nao ni Wanubi ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles, wamebanana katika mtaa wao wa mjini uitwao Nubia. Basi mgeni wa juzi atapata wapi kiwanja? Hakumbakilia ila kodi ya chumba, au kungojea nyumba ya serikali.

Ama habari ya nyumba zenyewe, mpango huu ulitangazwa mwishoni mwa mwaka 2017, ukapewa sheria yake iliyotiwa saini tarehe 19 Machi 2024. Waombaji wamegawanywa kwa vipato: mwenye kupata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ana daraja yake, na mwenye kupata kuanzia hapo mpaka 149,000 ana daraja nyingine. Na kwa kuwa wenye kuomba ni wengi kuliko nyumba, tangu mwanzo ilisemwa kwamba palipo na msongamano majina yatatolewa kwa kura.

Sasa na tuitazame kura. Neno hili ambalo leo twalitumia zaidi katika uchaguzi wa wabunge ni lile lile neno la Kiarabu, *qur'a*, na asili yake si uchaguzi bali ni kuamua baina ya watu wenye haki sawa. Qur'ani imetaja kura katika kisa cha Nabii Yunus alipokuwa chomboni (Sura ya 37), na katika kisa cha wale walioshindana nani atamlea Bibi Maryam (Sura ya 3). Na Bwana Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze. Haya hayafichikani kwa mwenye kusoma.

Lakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hatulikumbuki, nalo ndilo hasa jawabu la ndugu yetu. Muhajirina walipofika Madina hawakuwa na nyumba. Ansari wakapiga kura nani akae kwa nani. Haya yamepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwa Ummul Alaa, mwanamke wa Kiansari, ambaye nyumba yao iliangukiwa na Uthman bin Madh'un. Basi kugawanya makazi kwa kura si uzushi wa kompyuta za Nairobi.

Kamari ni kitu kingine kabisa. Katika kamari kila mtu huweka mali yake, na anayepata hupata kwa kilichompotea mwenzake. Ndugu yetu akikosa nyumba, amana yake ni yake na aweza kuidai. Hakuna aliyekula cha mwenziwe. Kama ingekuwa asiyepata nyumba hupoteza alichoweka, hapo tungesema bila ya kusita kwamba ni kamari.

Katika darsa alisimama mzee mmoja akasema: "Lakini ushuru wa nyumba je? Watu wote hukatwa asilimia 1.5 ya pato lao, na wachache ndio watakaopata." Swali hili ni zuri. Twaona kwamba ushuru haununui tikiti, kwani hukatwa hata asiyeomba nyumba. Mwenye kuona kwamba ushuru huo ni dhulma ana haki ya kusema, na wengi wamesema, hata Mahakama Kuu ikaubatilisha ushuru wa kwanza mwezi wa Novemba 2023, kabla ya kuletwa sheria mpya. Lakini dhulma, kama ipo, iitwe dhulma, isiitwe kamari. Tukichanganya majina tutaharimisha lililo halali na kunyamazia lililo haramu.

Na kweli tumelinyamazia. Ajabu ni kwamba watu wanaiogopa kura, ambayo ni halali, wala hawaulizi habari ya malipo. Nyumba hizi aghalabu hulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi pamoja na nyongeza ya asilimia kwa kila mwaka. Hapo ndipo pa kusimama. Bei moja iliyokatwa tangu mwanzo, hata ikiwa kubwa kuliko bei ya taslimu, wanavyuoni wengi wameijuzisha. Ama nyongeza yenye kuhesabiwa juu ya deni kila mwaka, hiyo ni riba, hata ikiandikwa kwa jina zuri. Ndugu yetu na aulize bei kwa maandishi kabla ya kutia saini, na ikiwa ni riba ajue kwamba kura haikumlazimisha kuchukua.

Ama dalali, shauri lake ni fupi. Katika *Minhaj*, kitabu ambacho darsa za Pwani hazikosi kukisoma, Imamu Nawawi ameeleza namna ya kupiga kura katika kugawanya: majina huandikwa katika vikaratasi, vikaratasi vikafungwa ndani ya vidonge vilivyo sawa, kisha huvitoa mtu ambaye hakuwapo wakati wa kuandikwa. Tazama hadhari yao! Mwenye kutoa hatakiwi hata kujua jina limo katika kidonge gani. Anayelipa 15,000 ili jina lake lisogee ametoa rushwa, na amemtoa katika nyumba mtu asiyemjua, labda mjane wa Nyamira mwenye haki kama yake. Na tusisahau kwamba dalali huyo yumkini hana uwezo wowote, ila kula fedha za watu.

Limebaki shaka la pili, na hili ndilo lililotuhuzunisha, kwani tumesikia kwamba wako wanaokwenda kwa waganga kutafuta nyota ya kupata nyumba. Turejee kwa Ummul Alaa. Uthman bin Madh'un aliugua katika nyumba ile aliyoipata kwa kura, wakamuuguza, akafa humo. Ummul Alaa akashuhudia kwamba Mwenyezi Mungu amemkirimu. Bwana Mtume akamuuliza amejuaje, akamwambia kwamba yeye mwenyewe humtarajia Uthman kheri, lakini hajui atakalofanyiwa. Haya ni juu ya sahaba mkubwa, wa kwanza katika Muhajirina kuzikwa Baqii. Kama hayo hayakuweza kukatwa kwa yakini, itakuwaje jina kutotoka katika kompyuta kuwa hukumu ya Mungu juu ya mtu? Kura haijui nani mwema. Ndiyo maana ikawa ya haki.

Jawabu hili tulimpelekea ndugu yetu kabla ya kulichapisha. Ametujibu kwamba dalali amemkatalia, kwamba jina lake lingali daftarini, na kwamba amekwenda kuomba karatasi ya bei.